Chungu Changu Kufanywa Jua

Kijiji cha Ujamaa, njia ya Misigiri,
Wilaya ya Iramba.
14 Agosti, 1975.

Ndugu Afisa wa Elimu ya Watu Wazima,

Pokea heshima zangu. Mimi ni Damari Mkumbo, mke wa Samweli, mkulima na mpika pombe ya mtama. Mwaka jana sikujua hata kushika kalamu. Barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe, na naiandika kumshtaki aliyenifundisha kuandika, Mwalimu Ignas. Naomba aondolewe hapa kwa sababu hizi:

1. Alhamisi iliyopita, saa tisa alasiri, aliacha kutufundisha herufi akaanza habari za jua. Alisema jua ni nyota kama nyota nyingine, ila liko karibu nasi, ndiyo maana linaonekana kubwa na linatuchoma. Kisha akasema anahitaji kitu kikubwa cha mviringo kiwe jua, na darasa zima likageuka kunitazama. Chungu changu ndicho kikubwa kuliko vyote kijijini. Nilisema kina pombe. Wanaume wanne wakajitolea kuimaliza papo hapo, kwa ajili ya elimu.

2. Dunia yetu ilikuwa punje moja ya mtama. Mwalimu aliiweka juu ya jiwe, hatua hamsini kutoka kwenye chungu, akasema ndivyo dunia ilivyo ndogo na ndivyo jua lilivyo mbali. Tulipouliza nyota ya pili tuiweke wapi, alisema ukienda Manyoni ukapanda treni mpaka Dar es Salaam, ukavuka na bahari yote, bado hujafika pa kuweka chungu kingine. Tukiwa bado tumeshika vichwa, kuku wangu alipita akaidonoa ile punje. Mwenyekiti wetu wa kijiji, Ndugu Stefano, alisimama kwa ukali: "Kuku huyu amekula dunia, na Tanzania ikiwamo!" Kuku akafungiwa ofisini siku mbili kungoja kikao. Alitaga mayai mawili humo humo. Kikao kiliyala.

3. Mume wangu Samweli haamki tena. Nikimwambia jua limechomoza, ananijibu kutoka kitandani: "Jua halichomozi, Damari. Ni dunia inayozunguka. Ikinifikisha shambani, nitalima."

4. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Ndugu Afisa, tulipohamishiwa hapa mwaka jana, nyumba yangu iliwekwa mwisho kabisa wa mstari. Kisima kiko upande wa pili. Asubuhi nachota mara mbili na jioni mara mbili, na goti langu la kushoto halipendi. Nimeomba mara tatu nisogezwe. Mara ya tatu Mwenyekiti alikuwa karibu kukubali, nilimwona usoni. Ndipo Mwalimu akafundisha kwamba nyota haziishi ovyo, bali zimekusanyika kwa mamilioni na mamilioni katika kundi linaloitwa galaksi. Mwenyekiti akapiga makofi: "Kumbe hata nyota zimehamia vijijini!" Hapo Mwalimu angenyamaza tu, mambo yangekwisha vizuri. Lakini akaongeza kwamba jua letu haliko katikati ya galaksi, liko huko pembeni.

Kesho yake Mwenyekiti alinijibu hivi: "Ndugu Damari, jua lenyewe linaishi pembeni ya kijiji chake na linafanya kazi kila siku bila kulalamika. Wewe ni nani?"

Nilimjibu kwa heshima kwamba jua halichoti maji. Akasema nimepinga sayansi mbele ya wajumbe.

5. Chungu hakijarudi. Kimeandikwa JUA kwa chokaa na kimewekwa ofisini.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Ama jua lisogezwe katikati ya galaksi, au nyumba yangu isogezwe kisimani, mimi sichagui. Na Mwalimu Ignas apelekwe mbali, mahali ambapo watu wana nyumba karibu na maji na hawana vyungu vikubwa.

Wasalimie wote ofisini, mama watoto na wazee wa nyumbani, uwaambie shikamoo zao nimezituma. Sisi huku ni wazima, isipokuwa goti.

Ni mimi mwanafunzi wako mtiifu,
Damari Mkumbo.

N.B. Ndugu Afisa, kabla sijafunga bahasha Mwalimu Ignas amepita mlangoni kuniaga. Kumbe umekwisha kumhamisha, anaondoka Jumatatu kwenda Itigi. Nikamwambia safari njema. Akiwa amekwisha kupanda baiskeli, akaniambia kwamba nyota nazo huzeeka na kufa, hata hili jua letu. Nikamuuliza lini. Akasema hilo lilikuwa somo la Alhamisi ijayo, akaenda zake.

Haiwezekani kumwambia mtu neno kama hilo kisha ukahamishwa. Sijapika wala sijachota maji tangu hapo, nimekaa tu mlangoni. Tafadhali yote niliyoandika hapo juu usiyasome. Mwache Mwalimu hapa. Kama anahitaji chungu kingine, ninacho cha pili, kidogo kuliko kile, lakini kinafaa kuwa nyota iliyozeeka. Nitakileta mwenyewe, kikiwa kitupu.