Kahawa ya Kimwani na Cheo Changu

Jumatatu, 16 Juni 2025
Mwaka wa masomo umekwisha. Mkuu wa chuo anataka kila mkufunzi wa Historia awasilishe ukumbini, Ijumaa, tathmini ya mwaka na mpango wa mwaka ujao. Atakayemridhisha ndiye mkuu mpya wa idara. Tuko wawili: mimi Clavery, na Gaudiosa. Gaudiosa! Mtu anayesoma kitabu mpaka ukurasa wa mwisho. Tathmini yangu nimeimaliza kwa dakika kumi. Mwaka ulikuwa bora kabisa.

Jumanne, 17 Juni
Kuna doa moja. Mwaka mzima nimefundisha kwamba jina la eneo la Kimwani limetokana na "amwani", yaani kahawa kwa Kihaya. Niligundua mwenyewe, nikioga. Sasa Minza, mwanachuo wa hukohuko Kimwani, kaandika kwenye fomu ya maoni kwamba kwao hakuna aliyewahi kusikia habari hiyo, na anaomba sir ataje chanzo. Chanzo! Mimi si ndiye mwalimu? Gaudiosa kaisoma, kacheka mpaka kaketi chini.

Jumatano, 18 Juni
Wanataka chanzo? Watakipata! Nimepanda basi hadi Kimwani, nikampata Mzee Ildefons. Miaka themanini na mitatu, mvi tupu, sauti nzito. Nikamwomba aje Ijumaa kutusimulia asili ya jina. Akasema haijui. Nikamweleza. Mara tatu. Akanipa kahawa ya kutafuna, naye akatafuna, akasema kwa heshima ya Kihaya, waitu, kumbe! Anaelewa haraka kuliko wanachuo wangu.

Alhamisi, 19 Juni
Bukoba, dukani kwa Kanti, kununua tai ya mkuu wa idara. Kanti kaniuliza naoa lini. Nina mke tayari! Nikalipa, nikaivaa hapohapo.

Ijumaa, 20 Juni
Aibu! Mzee alisimulia vizuri kuliko nilivyomfundisha. Makofi ukumbi mzima. Ndipo Minza akasimama, kwa adabu zote, akamwuliza habari hiyo aliipata kwa nani. Mzee akasema kwa mwalimu huyu hapa, juzi Jumatano, na akanishukuru mbele ya watu, maana umri wake wote alikuwa hajui. Mkuu wa chuo akavua miwani. Kabla ya chai, cheo kikawa cha Gaudiosa. Imeniuma. Nilikitaka kweli, na mke wangu Joanitha ameshawatangazia majirani.

Jumamosi, 21 Juni
Gaudiosa kanishauri, kwa upole wa kuudhi, kwamba mwakani nianzie kwenye nyaraka. Sianzii! Nimetafakari asubuhi nzima na kosa nimeliona: shahidi mmoja hatoshi. Mpango wa mwaka ujao, mada ya kwanza: asili ya jina la kisiwa cha Bumbire. Nimeshawapigia simu wavuvi wawili wa kisiwani. Wamekubali kuja, na wameahidi kwamba wakiulizwa waliipata kwa nani, watasema kwa babu. Kilichobaki ni kuitafuta asili yenyewe.