Kadi Nane za Memsaab

Kosa langu la kwanza katika nyumba hii lilikuwa kuacha herufi tatu. Leo nimeumbuka kwa sababu sikuacha hata moja.

Jamaa zangu, nawaandikia upesi upesi. Mkiona wino umemwagika, msinicheke mapema. Mahali pa kucheka pako mbele.

Mnajua kazi yangu hapa Kiplombe: kutandika meza, kung'arisha vijiko na kuandika kadi. Kadi ni vikaratasi vigumu vyenye majina. Mzungu akija kula hutafuta jina lake mezani, na kwa pale alipowekwa hujua memsaab anamwonaje. Aliye karibu na bwana ni mkubwa. Aliye karibu na mlango wa jikoni, basi tena. Wala hawagombani. Wanatabasamu na kuvuta viti. (Sisi tungeshashikana mashati.)

Mwaka jana niliandika kadi ya Kanali mmoja nikaacha zile herufi tatu zinazofuata jina lake, za nishani ya vita. Kanali hakugusa supu. Memsaab akaniambia, "Wewe naandika yote. Yote kama iko kwa kitabu yangu. Hapana acha kitu." Tangu siku ile hata nukta nazipima.

Leo Jumapili walikuja wageni wanane kwa chakula cha mchana, Kanali yule akiwamo. Na leo ndiyo ilikuwa siku yangu, maana memsaab alikuwa ameniahidi barua. Stoo moja ya mahindi mjini Eldoret inatafuta karani anayesoma Kiingereza, na mwenye stoo hachukui mtu mweusi bila barua ya mzungu. "Kama leo mzuri, kesho mimi naandika," alisema. Miaka minne nimejifunza herufi kwa magazeti ya kufungia nyama, bila mwalimu, kwa ajili ya barua moja kama hiyo.

Asubuhi kichwa kikamuuma, akaenda kulala. Siku zote hunipa karatasi ndogo ya majina aliyoyanakili kitabuni mwake. Leo akanirushia daftari lake lenyewe, lile analolifungia kabatini. "Majina iko hapa."

Majina yalikuwapo. Baada ya kila jina palikuwa na maneno ya Kiingereza. Nikaandika yote.

(Mtaniuliza, wewe si unajisifu unasoma? Ninasoma. Hiyo ndiyo shida.)

Kwa Memsaab Tapscott paliandikwa: "baba yake alikuwa mwuza nyama." Nikaona vizuri. Kwetu mtu akitajwa pamoja na kazi ya baba yake ameheshimiwa. Wafua chuma wetu hutajwa hivyo hadi babu wa tatu. Kwa Bwana Vermaak, Kaburu jirani yetu: "kwa ajili ya mfereji tu." Nikajua ni cheo. Maji yetu yote hupitia shambani kwake, kwa nini asiandikiwe mfereji wake? Kwa mwalimu mmoja wa kike: "mbali na Kanali." Nikaandika, kisha nikamweka mbali na Kanali. Maneno niliyasoma sawasawa. Dharau ndiyo sikuiona, maana ilikuwa na mwandiko mzuri sana.

Mpishi wetu, Mzee Kibet, alichungulia.

"Kadi za leo ni ndefu."

"Nimeandika yote, Mzee."

"Mimi sisomi. Lakini mboga ikizidi chumvi, naijua kwa macho."

Nikamhurumia kwa kutosoma kwake.

Saa saba wakaingia. Nikasimama ukutani na glavu nyeupe, nikingoja kusifiwa.

Memsaab Tapscott alisoma kadi yake mara mbili, akampa mumewe. Masikio ya mumewe yakaiva. Mwalimu aliigeuza yake kifudifudi, akaweka uma juu yake. Bwana Vermaak peke yake alicheka kidogo, kwa pua, akaitia kadi mfukoni. Akasema kwa Kiswahili, maana anakijua kuliko wote pale:

"Hii nitampelekea mke wangu, ambaye hakualikwa. Yeye ndiye hufungua mfereji."

Memsaab akanyakua kadi ya karibu, akasoma. Sijapata kuona mtu mweupe akizidi kuwa mweupe.

"Nani nafundisha wewe hii?"

Nilitaka kusema, kitabu chako. Nikameza. Maana papo hapo nilizielewa kadi zote nane. Nikikubali kwamba nimesoma, basi nimefanya kusudi, na kipande changu, kile cheti cha kazi ninachovaa shingoni, kitaandikwa neno ambalo hakuna stoo itakayolisamehe.

Bwana wa nyumba akaniuliza polepole, karibu kwa huruma, "Boi, wewe najua kusoma ama hapana?"

Wote wakanigeukia.

"Hapana, bwana. Mimi nachora tu. Naona alama, nachora."

Kanali akatoa kalamu ya risasi, akaandika neno moja nyuma ya kadi yake, akaniinulia. "Hii nasema nini?"

Lilikuwa neno fupi la Kiingereza, jina la mnyama wa juu ya miti. Nililisoma kabla hajamaliza kuinua mkono.

"Sijui, bwana."

Wakacheka. Memsaab Tapscott alicheka kuliko wote, na machozi yakamtoka. Memsaab wetu akasema yale maneno ni ya mchezo wa kuigiza aliokuwa akiunakili, na boi ameyachanganya na majina. Hakuna aliyeamini. Wote wakakubali, maana nyama ilikuwa tayari na nyumbani ni mbali. Nikapakua supu. Sikumwaga hata tone. (Hilo mniandikie kaburini.)

Jikoni Mzee Kibet alinisogezea sahani. "Kula."

"Sina njaa, Mzee."

"Kula. Umekana kitu kizito. Hakikanwi kwa tumbo tupu."

Saa tisa nilimfuata memsaab barazani kuulizia barua. Alinitazama kama anayetazama kiti kilichosema.

"Mtu hapana jua kusoma, nafanya kazi ya karani namna gani?"

Swali lenyewe lilikuwa sawa.

Basi chekeni, lakini msimsomee mama barua hii. Yeye bado anawaambia watu kanisani kwamba mwanawe ni msomi. Hapa, kadi ataziandika memsaab mwenyewe. Mimi nimebaki na vijiko. Na daftari lake halifungiwi tena kabatini. Tangu saa kumi liko wazi mezani, kwa kuwa nyumba hii sasa haina mtu wa kulisoma.