Uzinduzi wa Pawa Saplai Tulivu Uani kwa Bibi Magreti

Kidodi, kambi ya wakata miwa, Jumapili tarehe 10 Novemba 2002. Ni mwezi wa sita sasa tangu niondoke Kilosa.

Mheshimiwa mke wangu, mama Doris, Katibu Mkuu wa Nyumba na Mkurugenzi wa Upigaji Chapa. Mheshimiwa Bibi Magreti, Mama Mwenye Nyumba, Mlezi wa Ua, Mdhamini wa Bomba na Msimamizi wa Funguo za Choo, shikamoo. Mheshimiwa Doris binti yangu, mwakilishi wa vijana. Waheshimiwa majirani mliosogea ukutani mkijifanya mnaanua nguo. Waheshimiwa kuku pamoja na jogoo wao. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. (Makofi. Kama hakuna anayepiga, mama Doris, wewe unayesoma kwa sauti weka barua chini upige mwenyewe, maana mgeni rasmi hawezi kuendelea bila makofi.)

Nimesimama mbele yenu, ingawa kwa kweli nimelala kifudifudi kwa kuwa mgongo umekataa kusimama baada ya wiki nzima ya panga, kwa madhumuni ya kuzindua rasmi Mpango Kabambe wa Kuleta Pawa Saplai Tulivu na ya Bei Nafuu katika Kompyuta ya Chumba cha Uani. Kwa faida ya wale ambao elimu yao ni kama yangu, iliyoishia darasa la sita, pawa saplai ni kile kisanduku cha chuma kilichomo ndani ya kompyuta, chenye feni mgongoni, kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa kidogo kidogo kama mama agawavyo ugali. Yetu inagawa vizuri. Tatizo ni kwamba inagawa huku ikipiga kelele kama mashine ya kukoboa. (Sauti ya Bibi Magreti: “Kukoboa? Mashine ya kukoboa hufunga Jumapili!”)

Ndugu wananchi, serikali yangu inatambua machungu ya Bibi Magreti. Katika zama hizi za soko huria na utandawazi, ambapo hata mjukuu wa manamba wa mkonge anaweza kumiliki kompyuta iliyotupwa na ofisi za ng'ambo, tulishangilia maendeleo tukasahau kwamba ukuta kati ya chumba chetu na chake ni wa matofali ya kusimamisha, mwembamba kama ubao. Mwezi wa nane, saa ya matangazo ya vifo redioni, mama Doris alikuwa anapiga chapa mtihani wa jiografia, feni inanguruma, na Bibi Magreti, sikio kwenye redio, hakusikia jina la binamu yake wa kijiji cha Ulaya, hapo hapo Kilosa. Alifika msibani watu wamekwisha kunja mikeka. Wifi zake wakamwambia mbele ya wageni, “Tangazo limesomwa mara mbili, dada, au siku hizi redio yako inasikiliza ya wakubwa tu?”

Ndipo ikatoka amri ya Bibi Magreti, ambayo mama Doris ameninukulia neno kwa neno: “Mwaka mpya usinikute na hiyo mashine ukutani kwangu. Itoke yenyewe, au mtoke nayo.” Ninaarifiwa kwamba kwa sasa mnaizima saa ya matangazo, na ninawapongeza. Lakini saa hiyo ndiyo walimu hutoka kazini wakaleta mitihani yao, na wakikuta imezimwa wanakwenda kwa yule mpiga chapa wa stesheni. Wakizoea kwenda, Januari hatuna kazi. Tusipoizima, Januari hatuna chumba. Hapo ndipo taifa lilipofika.

Kutokana na hali hiyo, niliunda Kamati Teule ya Ufuatiliaji, yenye wajumbe wawili, mimi na Makarius, mtu wa Ifakara ninayelala naye kitanda cha juu na cha chini. Katika kikao cha kwanza asilimia hamsini ya wajumbe waliunga mkono hoja, na asilimia hamsini walikuwa wamelala. (Makarius, ambaye anasoma juu ya bega langu ninapoandika: “Sikulala. Nilikuwa natafakari.”) Kamati ikajipangia semina elekezi, ikajinyima posho kwa kuwa haikuwepo, ikafanya fizibiliti stadi, kisha ikapanda lori la miwa hadi njia panda na kutoka hapo ikafunga safari ya kikazi kwenda Mikumi.

Pale Mikumi, kando kabisa ya barabara kuu, lipo duka la kijana anayeitwa Goodhope, anayeuza redio, betri na vipuri vya kompyuta. Kamati ilimhoji kwa kina.

“Tunataka isiyopiga kelele,” nikamwambia.

“Zipo, mzee. Ya wati ngapi?”

“Kubwa kuliko zote.”

“Ya nini? Kompyuta yako ina kazi gani?”

“Mitihani na kadi za harusi.”

Akacheka. “Basi mzee, unataka trekta la kubebea mchicha. Wati mia mbili na hamsini za kweli zinakutosha. Na hii iliyoandikwa mia tano, ukiifungua ndani utakuta nusu yake ni karatasi ya nje tu.”

Kamati haikuridhika na maneno ya mfanyabiashara. Sisi huku kila kitu chetu kinapita kwenye mzani, na mtu aliyelipwa kwa tani miaka yote haamini maandishi, anaamini uzito. Kwa hiyo Makarius alichukua moja mkono wa kulia na nyingine wa kushoto, akafumba macho kama padri, akatamka: “Hii imeshiba. Hii ina njaa.” Goodhope akakiri kwamba iliyo nyepesi sana kweli ni ya kuogopa. (Makofi mazito kwa Makarius. Anainama.) Tukaelezwa pia kwamba feni ndogo hukimbia sana ndiyo maana inapiga mayowe, na feni kubwa hufanya kazi ileile ikitembea, na kwamba mtumba uliotolewa kwenye kompyuta ya ofisi, wa kampuni yenye jina, mara nyingi ni mtulivu kuliko mpya wa bei hiyohiyo. Nilimuuliza kama tusingekata tu waya wa feni tuliyonayo. “Kata, mzee,” akasema. “Itanyamaza. Baada ya hapo itanuka.”

Basi akaziwasha moja baada ya nyingine. Niliinama, sikio kwenye chuma, nikasikiliza ya kwanza: tulivu. Ya pili: tulivu. Ya tatu, tulivu kama kanisa Jumatatu. Nikatangaza kwamba Tanzania imefika mbali, nikatoa hotuba fupi pale pale dukani kuhusu mafanikio ya uongozi wangu, na wateja wawili wakanisikiliza hadi mwisho wakidhani nagombea kitu. (Vigelegele vya mama Doris, natumaini.)

Ni Makarius aliyeniharibia ziara. Tuko nje tunanunua mahindi ya kuchoma, akasema, “Valentino, umesikia nilichokwambia mle ndani?”

“Uliniambia nini?”

“Nilikuita mara tatu. Malori ya Zambia yanapita mlangoni, na wewe unalala vyumba vya jirani na kiwanda cha sukari, masikio yamekwisha ziba. Pale hata wangewasha mbuzi anayechinjwa ungesema ni tulivu.”

Waheshimiwa, hoja ilipita bila kupingwa. (Kicheko. Bibi Magreti anacheka kwa pua, nimemsikia kutoka huku.)

Kwa hiyo, kabla sijahitimisha, tuseme kaulimbiu zetu kwa sauti, hata kuku waitikie. Feni kubwa, oyee! Mwendo wa taratibu, oyee! Wati za karatasi, zii! Redio ya Bibi Magreti, oyee, oyee, oyee!

Mwisho kabisa, ninamshukuru mama Doris kwa kupiga chapa akiwa amejifunika kitenge yeye na mashine. Ninamshukuru Doris kwa kwenda stesheni kuwabembeleza walimu warudi. Na ninawashukuru nyote kwa kuupokea kwa shangwe mradi ambao, hadi ninapohutubia, una kamati, una semina, una ziara, una kaulimbiu nne, ila hauna pawa saplai. Haijanunuliwa. Sikuthubutu kuinunua kwa sikio langu.

Bibi Magreti, sasa mgeni rasmi amekwisha shuka jukwaani, ni mimi baba Doris ninayeongea. Sikio linalotakiwa ni lako, na ukuta ni wako. Nimekubaliana na Goodhope: nitamwachia baiskeli yangu rehani, yeye ananipa mbili zilizoshiba, za mtumba wa ofisi. Utakaa chumbani kwako na redio yako saa ya matangazo, mlango umefungwa, bila kuambiwa ipi imewashwa. Ile ambayo hutaijua kama inafanya kazi, hiyo inabaki. Nyingine inarudi Mikumi pamoja nami na pesa ya iliyobaki, kuikomboa baiskeli. Ukizisikia zote mbili, nitaibeba kompyuta mwenyewe kuitoa kabla ya mwaka mpya, wala hutasikia neno. Ninachoomba ni usitangulie kuitoa sijafika.

Msafara utakuwa wa mtu mmoja na visanduku viwili, ngoma za mapokezi hazihitajiki, maji ya moto ya mgongo yanahitajika. Nitashuka kwenye basi la kutoka Mikumi Jumamosi, tarehe 21 Desemba.