Shikamoo za Kaimu Msimamizi

Jumatatu, 9 Juni 2025

Semina ya saikolojia ya uongozi, Biharamulo mjini, imekwisha Jumamosi. Siku moja, soda mbili, sambusa tatu (moja ya jirani aliyechelewa). Nimerudi mtu mwingine! Mwezeshaji alisema mfanyakazi hachoshwi na kazi, huchoshwa na kudharauliwa. Kiongozi bora hujishusha kwanza. Nimepigia mstari mara mbili.

Imekuja wakati wake. Jumamosi hii kikundi chetu cha asali hapa Nyarubungo kinachagua msimamizi. Nimekuwa kaimu miezi minane. Ukaimu ni kukalia kiti kwa tako moja. Nakitaka chote. Namhofia mtu mmoja tu, Domisiana wa kwenye chujio. Hajasoma saikolojia hata ukurasa, lakini kila saa nne, wakati wa uji, anamwuliza kila mtu habari za wanawe, na watu wanampenda. Ujanja wa kizamani.

Mpango: kuanzia kesho nawaamkia wote shikamoo, wadogo kwa wakubwa. Nina miaka hamsini na sita. Wataionaje heshima hiyo!

Jumanne, 10 Juni

Nimeanza na Zulfa, anayejaza chupa. Ana miaka ishirini na miwili. Nilipomwambia shikamoo aliangusha mfuniko, akaniuliza amekosa nini. Nikamwambia hajakosa, aitikie tu. Akakataa. Nikamsihi, maana bila jibu saikolojia haikamiliki. Mwishowe akaitikia marahaba huku machozi yanamlengalenga. Imemgusa!

Luhende, mbeba ndoo, hakusumbua. Aliitikia papo hapo, akaniuliza hali yangu, kisha akanituma ndoo mbili za masega. Nikazibeba. Kiuno kinauma, ila yule kura yake ninayo.

Jumatano, 11 Juni

Mbinu ya pili: kusikiliza. Mtu akisema, usijibu upesi. Mtazame machoni, hesabu hadi saba moyoni.

Domisiana alikuja kusema chujio limechanika. Nikamtazama. Nilipofika tano aliniwekea mkono kwenye paji la uso. Nilipofika saba alikuwa ameshakwenda kulishona mwenyewe. Kazi imefanyika bila amri! Hata mwezeshaji hakutuahidi hayo.

Jioni mke wangu Rozalia alisema kisimani wamemwuliza nimeacha kulala tangu lini. Wivu wa kisimani, nikamwambia.

Alhamisi, 12 Juni

Kazini kumepoa ajabu. Nikiingia, watu wananyamaza. Hakuna ubishi, hakuna aliyechelewa. Amani ya moyo, ndiyo matunda yenyewe. Luhende alikuwa anawasimulia wenzake kuhusu babu yake wa Nyamigogo, aliyeanza kuwaamkia wajukuu shikamoo siku ya Jumapili na Ijumaa wakamzika. Sikuelewa hadithi hiyo ilihusu nini. Nimeitikia kwa kichwa, kama tulivyofundishwa.

Zulfa ameniletea kiti bila kuombwa.

Ijumaa, 13 Juni

Ushindi! Saa kumi na moja jioni kikundi kizima kimekuja nyumbani. Wameleta mkungu wa ndizi, jogoo na chupa kubwa ya asali. Siku moja kabla ya uchaguzi! Nilisimama mlangoni nikawaamkia mmoja mmoja. Wanawake watatu walilia. Domisiana akaongoza sala, akaniombea nguvu na mapumziko mema. Nikasema amina kwa sauti kubwa kuliko wote.

Rozalia aliwaeleza kwamba mimi ni mzima wa afya, nakula sahani mbili. Wakamshika mkono, wakamwambia ajikaze.

Nimetunga hotuba ya kushukuru. Kurasa nne.

Jumamosi, 14 Juni

Domisiana kura kumi na tisa. Mimi mbili. Moja yangu. Ya pili ya Luhende, aliyesema ni vibaya kumnyima mtu haja yake ya mwisho.

Iliniuma. Sitaficha, iliniuma mpaka nikaikunja hotuba nikaikalia. Domisiana alisimama akasema hakuutaka usimamizi huu. Wiki mbili zilizopita walikuwa wamekwisha kupatana kunithibitisha mimi bila kupigiana kura. Yeye mwenyewe ndiye aliyenipendekeza. Lakini mgonjwa haongezewi mzigo. Amenipa mwezi mzima wa kupumzika, kisha akaniuliza habari za Modestus wangu aliyeko chuoni. Nikajikuta namweleza kila kitu, mpaka viatu vyake vilivyochanika. Mama huyu ni hatari.

Njiani Rozalia alisema kama ningekaa wiki nzima nilivyo siku zote, leo ningekuwa msimamizi. Nikamweleza kwamba hakuhudhuria semina.

Nimekaa chini nikatafuta kosa kitaalamu. Nimelipata! Nilikuwa nawaamkia watu nimesimama wima kama mkuu wa gereza. Huko si kujishusha. Mwezi ujao jumuiya yetu ya kanisani inachagua mwenyekiti, na muda ninao tele. Kesho baada ya misa naanza kuamkia kwa kupiga magoti. Nitaanza na watoto wa Utoto Mtakatifu.