Kiti cha Baba na Wimbo Namba 212

Jumapili, 4 Mei

Nimefukuzwa! Si kwa maneno, watu wa Kilvarna hawana ujasiri huo. Nimefukuzwa kwa macho. Niliingia baa baada ya misa na fidla yangu, stendi ya chuma ya kuwekea nota, na kitabu chenye nyimbo mia tano na kumi na mbili. Nikasimamisha stendi katikati ya wapigaji wanaokutana pale kila Jumapili. Nikabana kurasa kwa vibanio vya nguo vya dada yangu. Packie Hehir, jirani yangu, mpiga filimbi, mtu asiye na haya, akaniuliza kama nimekuja kuanika soksi. Wakacheka wote, hadi mwenye baa!

Niliwaomba kistaarabu waanze na namba 88. Hakuna aliyeijua namba 88. Wajinga! Wana nyimbo mia tatu vichwani na hawajui namba ya hata mmoja. Wakaanza wimbo wao. Nikautafuta kitabuni. Nilipoupata walikuwa wameshaupiga mara tatu na kuingia mwingine bila kupumua, ndiyo desturi yao. Nikaukimbiza huo. Wakaingia wa tatu. Saa mbili nzima nilifunua kurasa. Sikupiga hata nota moja.

Na kiti cha baba kipo palepale kando ya moto, kitupu tangu tulipomzika. Hakikaliwi na mtu mpaka Bi Nóra Considine aseme. Ana miaka themanini na mmoja, anapiga fidla, na meza ile ni yake. Jumapili ya tarehe 18 watu wa redio wanakuja kurekodi. Siku hiyo nitakuwa nimekaa kwenye kile kiti. Potelea mbali!

Baba hakunifundisha fidla hata siku moja. Alisema masikio yangu yanafaa kuzuia kofia isishuke tu. Nina hasira na neno lile kwa miaka arobaini, na haijapoa.

Jumatatu, 5 Mei

Dada yangu Attracta amedai vibanio vyake. Halafu akatoa ushauri ambao hakuombwa. Eti niache kitabu, nikae karibu nao, nisikilize. Wimbo utaingia wenyewe.

Nisikilize! Mimi nilikuwa mkaguzi wa mizani miaka thelathini. Hakuna mchinjaji aliyewahi kuniambia niisikilize nyama. Kilo ni kilo kwa sababu imeandikwa. Nilimweleza hivyo kwa sauti ya juu. Akasema hata baba alikuwa akipandisha sauti hivyo hivyo akikosa hoja. Nikatoka nje nikaupiga teke mlango wa banda la kuku. Kidole kimevimba.

Jumatano, 7 Mei

Nimepata! Stendi wanaiona. Kitabu wanakiona. Lakini nani anatazama vile vikadi vya kuwekea glasi za bia? Vimezagaa meza nzima. Jana nilichukua arobaini, nikavificha ndani ya soksi. Leo kutwa nimenakili nyimbo nyuma ya kila kadi, kwa kalamu nyembamba kabisa. Macho yanauma. Attracta akauliza kama nimeanza kunywa kadi sasa baada ya kushindwa bia. Nikaendelea kunakili. Mwerevu hajibu.

Jumapili, 11 Mei

Sitaki hata kuandika. Nitaandika, kwa sababu nina hasira.

Nilifika mapema. Nikapanga kadi zangu mezani, namba kwa namba. Kazi safi! Wapigaji wakaketi, hakuna aliyeshuku. Ndipo Packie, ambaye tangu nimjue hajawahi kumnunulia mtu hata maji, akaja na sinia la glasi kumi za bia nyeusi, zinamwagika povu pande zote. Akaziweka moja moja juu ya kadi zangu. "Karibuni jamani, leo nina furaha." Bia ikatapakaa meza nzima, wino wote ukaoga.

Ikabaki kadi moja kavu. Namba 212. Na wakaanza nini? Namba 212! Nikapiga. Sehemu ya kwanza tulikwenda pamoja, mimi na wao, na Bi Nóra akanitupia jicho la wema. Nakiri nilifurahi. Ilipofika sehemu ya pili wao wote wakapanda kwenye nota za juu. Kitabu kinasema shuka! Nikashuka, peke yangu. Sauti iliyotoka ilimwamsha mbwa wa mwenye baa.

Nikagonga meza kwa upinde wa fidla. Nikasimama. Nikamwambia Bi Nóra, mbele ya wote, kwamba anakosea, na amekuwa akikosea miaka yote hii. Nikatoa kitabu ndani ya koti nikamwekea mbele. Ushahidi!

Akavaa miwani yake taratibu.

"Ignatius, mwanangu, hapa chini pameandikwa nini? Herufi ndogo hizo. Wewe una macho bado."

Sikuwa nimewahi kuisoma ile mistari midogo. Mimi nakagua nota. Nikasoma kwa sauti: wimbo huu umechukuliwa kwa Nóra Considine, Kilvarna.

"Namkumbuka yule bwana wa kitabu, alipokuja kunakili nyimbo," akasema. "Uzi wangu mwembamba, ule wa sauti za juu, ulikuwa umekatika asubuhi ile, na yeye alikuwa anawahi treni. Ningefanyaje? Nikaushusha wimbo kwenye nyuzi zilizobaki. Nikamwambia arudi wiki ijayo aupate mzima. Hajarudi mpaka leo!"

Packie alishika ukuta asianguke. Mmoja akasema binamu yake wa Boston anaupiga vilevile kwa kushuka, na huwa anajiuliza umekosa nini. Wakazidi kucheka.

Mimi nikashikilia hoja yangu. Jiwe la mizani likishapigwa mhuri, limepigwa. Nikamwambia Bi Nóra kwamba kosa ni lake tangu mwanzo, na maadamu limechapishwa, sasa awe anashuka.

Kicheko kikakatika palepale. Bi Nóra akakitazama kiti cha baba. Nikaondoka. Kadi thelathini na tisa zimeharibika!

Jumanne, 13 Mei

Attracta amenikasirikia. Ananipa viazi baridi. Anasema hawezi kumpashia moto chakula mtu aliyemfundisha Nóra Considine wimbo wa Nóra Considine.

Jioni akaniletea salamu, uso umekunjamana. Bi Nóra ananiita nyumbani kwake Alhamisi. Nije na fidla. Nisije na kitabu.

Ahaa! Ameona hoja yangu.

Alhamisi, 15 Mei

Hakuiona. Alinimiminia chai, akanikatia mkate wa magadi. Kidole chake cha kati kilikuwa kimefungwa kitambaa. Aliungua akiutoa mkate huo jikoni. Hata hivyo akashika fidla. Alisema atanipigia wimbo ambao haumo kitabuni mwa mtu yeyote. Ni wa baba yangu.

"Alikuwa akiupiga mwisho wa kila Jumapili. Nilimuuliza kwa nini hakufundishi. Akasema, huyu Iggy wangu ananiuliza umeandikwa wapi. Siku akiniambia nipige tena, nitaanza kumfundisha."

Baba hakuniambia hivyo hata mara moja! Angeweza kuniambia! Nilikasirika hata chai ikanimwagikia magotini.

Bi Nóra akaniambia niweke fidla chini, nifumbe macho, nisikilize tu. Ataupiga mara saba. Nikifanya hivyo, kiti ni changu Jumapili, hata nikikaa bila kupiga chochote.

Nikafumba jicho moja. Penseli ilikuwa chini ya meza, karatasi gotini. Mara ya tatu nilishindwa kuandika. Nilimsikia baba kabisa, akiwa nyuma ya mlango uliofungwa, mimi nikiwa na miaka tisa. Nilijichukia kwa udhaifu ule. Mara ya nne nikarudi kwenye nota, na mara ya saba nilikuwa nimezipata zote.

Alinisindikiza mlangoni, machozi yanamlengalenga. Alidhani nimesikia.

Jumamosi, 17 Mei

Kazi imekwisha! Wimbo wa baba sasa umeandikwa, kwa wino, kwa mistari iliyonyooka. Namba 513. Una mapengo ya ajabu, nota zinaruka kila kidole cha kati kinapohitajika. Bila shaka ndio mtindo wa zamani. Attracta akauliza kama nimekumbuka kuwa mama wa watu alikuwa ameungua kidole. Nikamjibu kuwa mimi naandika kilichopigwa, mambo ya jikoni hayanihusu. Akaweka uso mikononi.

Nimenakili karatasi kumi na mbili. Kesho nakalia kiti cha baba, na siendi mikono mitupu, maana mkono mtupu haulambwi. Kabla watu wa redio hawajawasha mitambo, kila mpigaji atapata nakala yake, Bi Nóra wa kwanza. Na akiongeza hata nota moja isiyo kwenye karatasi, namsimamisha huku mitambo ikirekodi.