Bata wa Mwalimu Matar

Jumatatu, 11 Agosti

Siku njema! Wanawake wa kikundi cha mboga cha Mwanakwerekwe wanatafuta mwalimu wa permakalcha, kile kilimo cha kuiga msitu: kila kitu kinamsaidia mwenzake, hakitupwi kitu. Nani kama si mimi? Nilihudhuria mafunzo yake kule Jozani. Siku ya kwanza, na siku ya kupiga picha. Cheti nilinyimwa kwa husda.

Tatizo: Pandu naye kaomba. Yeye alihudhuria siku zote. Mtu gani huyo, anazungumza na minyoo kama wakwe zake! Bi Sumaiya, mkuu wa kikundi, atatupima sote wawili. Mimi Jumatano, Pandu Jumamosi.

Shangazi Thuwaiba, ninayekaa kwake hapa Malindi, kaapa: nikiikosa kazi hii, nikabebe mizigo bandarini. Mimi! Na mgongo huu wa kusomeshea!

Jumanne, 12 Agosti

Mwalimu wa kilimo lazima awe na bustani. Sina. Nimekwenda sokoni nikanunua mchicha wenye mizizi, kotmiri na mnanaa, nikavichomeka ndooni juu ya paa la Shangazi. Pepo ya duniani! Hata mimi nilikaribia kujiuliza nililima lini.

Ikabaki mboji. Nikakumbuka kuwa taka ni mali. Wauza samaki wamenipa pipa zima la vichwa na matumbo, nimeyafunika juujuu kwa majani makavu. Paka mmoja kaja kutazama. Dalili ya rutuba.

Jumatano, 13 Agosti

Kina mama wamekuja, wamejaa paa zima. Nikaanza kwa sauti ya kiprofesa. Udongo ni uhai, uhai ni udongo. Wakatikisa vichwa. Nilikuwa nawapeleka vizuri!

Bi Sumaiya akauvuta mchicha. Ukatoka wote kwa pamoja, fungu zima, bado umefungwa ukambaa wa sokoni.

“Mwalimu, mbona mchicha wako umefungwa?”

Nikamjibu ndiyo permakalcha yenyewe, mimea tunaifunza kushikamana tangu utotoni. Mama mmoja akaandika! Namwombea maisha marefu.

Kisha wakaja paka. Si mmoja. Paka wa Malindi nzima, nadhani na wa Shangani walipata habari. Wakaifumua mboji mbele ya darasa. Mmoja akapita na kichwa cha changu mapajani mwa Bi Sumaiya. Mama wa watu akaniuliza, ameziba pua kwa mtandio, kuna tofauti gani baina ya mboji na uvundo. Nikasema ni subira tu.

Jibu zuri. Lakini Shangazi alishapanda na ufagio, nguo zake zilizoanikwa zote zinanuka samaki. Darasa likateremka ngazi bila kuaga. Bi Sumaiya kasema atamwangalia Pandu kwanza.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimekwenda kwa Pandu, eti kumjulia hali. Bustani yake nyuma ya nyumba! Kabichi kama vichwa vya masheikh wenye vilemba. Kanikaribisha chai, kanimegea mkate wa kumimina, kanieleza shida zake kama ndugu. Konokono wanamtafunia kabichi. Anawaokota kila asubuhi, hawaishi.

Nikamwambia pole. Moyoni nikasema: konokono, jitahidini.

Lakini konokono ni wazembe. Jumamosi itafika hawajamaliza hata tuta moja. Nahitaji mlafi mwenye kasi.

Bata! Bi Shemsa, jirani yake Pandu, anao kundi zima. Walimlia hadi khanga yake kambani.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimemwambia Bi Shemsa nawaazima bata kwa ajili ya somo. Kanipa, kaniombea na dua. Baada ya sala ya Ijumaa, Pandu bado yuko msikitini anasalimiana na dunia nzima, nikawapitisha kwenye upenyo wa ua. Wakaingia mmoja mmoja kama wakaguzi wa serikali.

Maskini Pandu. Nimekula biriani sahani mbili.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimewahi, nisikose kumwona akilia.

Kabichi zote zimesimama! Konokono hata wa dawa hakuna. Bata wamelala kivulini, matumbo yamevimba, na samadi yao imetapakaa kila tuta. Pandu anawasomesha kina mama kwa furaha: tazameni, adui wa kabichi kawa chakula cha bata, na bata karudisha mbolea. Makofi. Nikaanza kurudi nyuma taratibu.

Hapo Bi Shemsa kaja kuchukua bata wake. Kasema kwa sauti ya kusikika Chukwani: “Si Mwalimu Matar aliyewaazima jana? Kasema ni somo!”

Wote wakanigeukia. Nikafumba macho nisubiri kofi. Pandu kanikumbatia! Machozi yanamtoka. “Ndugu yangu, nshahangaika na konokono hawa mwaka mzima. Wewe umekuja kimyakimya, wala hukutaka kusifiwa.”

Nikainamisha kichwa. Kwa unyenyekevu, ilivyoonekana.

Bi Sumaiya kakata shauri. Pandu mwalimu, mimi msaidizi wake. Shangazi kapiga vigelegele mpaka majirani wakauliza nani kaolewa.

Jumapili, 17 Agosti

Siku ya kwanza kazini. Pandu kanifunza kugeuza mboji. Kwa koleo! Kuna kugeuza, kunyunyiza, kungoja wiki kadhaa, kisha kugeuza tena. Ana upole wa ajabu, kila nikikosea ananionyesha upya. Kufika wakati wa chai viganja vimeota malengelenge.

Nimeielewa kasoro ya permakalcha. Ina kazi nyingi mno. Anayefundisha wakulima huchafuka. Anayefundisha walimu je? Hakai na koleo huyo, anakaa na feni!

Nimemwambia Pandu naumwa na kiuno. Kaniombea shifaa, kanipa na mafuta ya kuchulia. Nimekwenda moja kwa moja kuchapisha tangazo: Chuo cha Walimu wa Permakalcha, Mkuu wa Chuo Profesa Matar.

Somo la kwanza ni subira. Nitalisomesha mbiombio, chakula cha mchana kisipoe.