Tiketi Mbili za Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Agosti

Siku kubwa! Mama mkwe amenipigia simu. Mimi, si Walubengo. Walubengo ni mume wa dada mkubwa wa mke wangu Akoth, anafanya kazi benki na anavaa tai hata akienda kununua nyanya. Tangu nimwoe Akoth, kila jambo la maana katika ukoo huu anapewa yeye. Mimi hupewa kazi ya kupanga viti.

Leo mambo yamegeuka. Kitinda mimba wao, Aluoch, ameolewa Lusaka na anatarajia mtoto wa kwanza. Madaktari wamesema atafanyiwa upasuaji Jumanne ya wiki ijayo. Anaogopa. Analia kwenye simu, anamtaka mama yake awe hapo kabla hajaingizwa chumba kile. Mama ameniomba nipange safari yote, Kisumu hadi Lusaka. Nikasema hiyo ni kazi ndogo kabisa.

Akoth ameniambia niende kwa Gikonyo tu. Gikonyo anauza tiketi za ndege kituo cha Kawangware 46 hapa Nairobi, juu ya bucha, na nyuma ana vyumba vya kupangisha. Ati mtaalamu. Mimi nauza vifuniko vya simu hapa mtaani Olympic, lakini bando la intaneti ninalo na akili ninayo.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeenda kwa Gikonyo. Kumpeleleza tu. Alinitafutia tiketi moja inayounganisha safari nzima. Bei yake nusura inikalishe chini. Nikamshukuru, nikashuka ngazi, nikasimama kando ya bucha na simu yangu. Baada ya muda mfupi nikawa nimepata: Kisumu hadi Nairobi kampuni moja, Nairobi hadi Lusaka kampuni nyingine, kwenda na kurudi. Nafuu mno! Nikapanda ngazi tena. Singeweza kukaa nayo peke yangu.

Gikonyo hakufurahi. Akasema hizo kampuni mbili hazijuani. Ya kwanza ikichelewa, ya pili inaondoka, na hakuna atakayeuliza mama wa watu ameachwa wapi. Ukiwa na tiketi moja, wao ndio wanahangaika kukufikisha. Ukiwa na mbili, unahangaika mwenyewe. Akashauri kwamba kama nimeshikilia, basi Mama aje siku moja kabla, alale Nairobi.

Alale! Gikonyo ni Mkikuyu, simlaumu. Kwetu Wajaluo, mkwe halali chini ya paa moja na mama wa mke wake. Na nyumba yangu ni chumba kimoja chenye pazia katikati, mimi na Akoth huku, mwanetu Eugene kule. Pazia si ukuta. Basi nimepanga yote siku ile ile, Jumamosi: Mama anatua saa tano asubuhi, anapaa tena saa saba na nusu. Kulala hakupo. Heshima imelindwa na bei imeshuka. Nimelipa.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika nikiwa uwanja wa ndege, nimekalia mzigo wa omena, dagaa wakavu ambao Mama anampelekea Aluoch.

Asubuhi Mama alipiga akisema yeye na abiria wenzake bado wako Kisumu, wamekaa tu. Ndege yao ilikuwa bado Nairobi! Haijaenda hata kuwachukua. Ilipomleta hatimaye, saa sita ilikuwa imepita kitambo. Kisha tukangoja mizigo. Kisha tukalazimika kuubeba mzigo wenyewe hadi jengo lingine, kwa sababu tiketi mbili maana yake unaanza upya kama mtu ambaye hajatoka nyumbani. Mimi mbio. Mama mwendo wa kwenda kanisani. Tulipofika, kaunta ilikuwa imefungwa.

Nikadai haki zetu. Nilikuwa nimezisoma kwenye simu. Abiria akicheleweshwa anapewa chakula, kitanda, ndege nyingine. Msichana wa kaunta alisoma yote polepole, akakubali kwamba ni kweli, akasema haki hizo zinadaiwa kwa aliyekuchelewesha. Nikarudi kwa kampuni ya kwanza. Bwana wa pale naye alikubali kila kitu. Walichelewa, samahani sana, huyu mama apewe soda na keki. Lakini tiketi yao inaishia Nairobi, na Mama yuko Nairobi.

Wote wapole! Sikupata hata mtu wa kugombana naye. Halafu yule msichana akaongeza kwamba kwa kuwa Mama hakupanda, na ile tiketi yake ya kurudi imefutwa. Ya kurudi! Hata hajaenda.

Mama alikunywa soda. Hakunilaumu. Aliuliza jambo moja tu.

“Baba Eugene, sasa Aluoch atanipata lini?”

Ningependelea anitukane.

Jumapili, 10 Agosti

Mama amelala nyumbani kwangu, kwa hiyo mimi nimefukuzwa na mila. Jirani yangu Kyalo ana wageni. Mtu pekee ninayemjua mwenye chumba kitupu ni Gikonyo. Nilimpigia simu jana jioni nikijua atacheka mpaka aanguke. Hakucheka. Alinifungulia chumba, akaleta godoro na blanketi, asubuhi akaleta uji. Uji ulikuwa mtamu na mimi niliukoroga tu.

Nikampa mpango wangu mpya: tuiambie kampuni ya pili kwamba Mama ni mamake waziri. Akaniuliza waziri gani. Nikasema yeyote. Akaniambia nimalize uji.

Baada ya kanisa nimerudi Olympic. Nimeketi kwenye kigoda nje ya mlango, Mama ndani. Akoth alimpigia Aluoch, simu ikawekwa sauti ya juu. Aluoch alilia tu. Mama akamuuliza kama amekula, na kama mtoto anapiga teke, na kama yule bwana yake anajua kukanda mgongo. Akamwambia atafika. Alisema hivyo kwa uhakika, kana kwamba tiketi iko mfukoni.

Simu ilipokatika nikamwambia, nikiwa huko huko nje, kwamba hii kazi angempa Walubengo. Mama akasogeza kiti karibu na mlango.

“Walubengo ni mtu mzuri, lakini simu yake inashikwa na sekretari,” akasema. “Wewe nikikupigia unashika. Hata kama hujui kitu, unashika.”

Nikalia. Nilimwambia Akoth ni moshi wa jiko la jirani. Jirani hakuwa amewasha jiko.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimeuza redio yangu kubwa, ile yenye spika mbili. Kyalo ameitamani tangu tuhamie hapa. Akoth ameongeza pesa za zamu yake katika chama cha akina mama. Tumeenda kwa Gikonyo akapata kiti cha ndege ya mchana, ya kwenda tu, tiketi moja. Nilidhani ataacha faida yake kwa kunihurumia. Hakuacha. Alisema yeye si ndugu yangu, kisha akatuendesha hadi uwanja wa ndege kwa gari lake mwenyewe na kukataa pesa ya mafuta.

Walubengo alipiga simu tukiwa njiani, kuuliza kama kuna tatizo. Nikamwambia hakuna tatizo lolote, Mama alitaka tu kuona Nairobi.

Mama aliyasikia hayo. Aliangalia nje dirishani, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Pale mlangoni alinigawia nusu ya omena. Nikasimama hadi kilemba chake kikapotea kati ya watu.

Jumanne, 12 Agosti

Msichana! Mzima, na mamake mzima. Mama alimshika Aluoch mkono mpaka mlango wa upasuaji, na Aluoch alipozinduka, Mama alikuwa bado hapo. Wametuma picha. Aluoch na mtoto kitandani, na Mama kando yao amelala kwenye kiti, viatu amevua. Nimeitazama mpaka simu ikazima. Nina furaha ambayo sijui niiweke wapi.

Jumapili, 24 Agosti

Mama anarudi mwezi ujao, na ile tiketi ya kurudi ilikufa. Walubengo amejitolea kununua tiketi moja ya safari nzima, Lusaka hadi Kisumu. Gikonyo ameshamtafutia. Nimewaambia wote wawili watulie.

Nimeichunguza safari iliyopita kwa makini na kosa nimeliona. Tulitegemea kampuni mbili tu! Moja ikichelewa, nusu ya safari imeharibika. Safari hii nimechukua tatu: Lusaka hadi Dar es Salaam, Dar hadi Nairobi, Nairobi hadi Kisumu. Moja ikichelewa, mbili bado ziko sawa. Ni hesabu ya darasa la nne. Muda wa katikati nimeupunguza, maana safari hii Mama hana mzigo wa omena. Na bei! Gikonyo angezimia.

Nimempigia Mama kumweleza. Mtoto alikuwa analia karibu na simu, ikabidi nirudie mara mbili. Akauliza kama atalala Nairobi. Nikamhakikishia kwamba safari hii hilo haliwezekani kabisa, nimepanga mwenyewe.

Amembembeleza mtoto kwanza. Kisha amesema ni sawa, ananiamini, lakini nimwambie Gikonyo aanike lile godoro.